Ukitaka kuchambua mechi ya magwiji wa sataranji, anzia mwishoni

Vijana wengi wanaokuja kwangu kujifunza sataranji hufungua mechi ya gwiji fulani kwenye simu, wakabofya mshale mpaka mwisho, halafu wakaniambia wameshaichambua. Ukimuuliza mmoja kwa nini Mweusi (mwenye kete nyeusi) alisogeza askari wa mstari wa g hatua ya 20, anakutazama tu. Ndiyo sababu nimeamua kuandika namna ninavyofanya mimi, kwa sababu naamini mechi moja iliyochambuliwa vizuri inamkuza mchezaji kuliko mechi mia zilizopitiwa mbiombio.

Vifaa ni vichache: ubao halisi, daftari, na kipande cha karatasi ngumu cha kufunikia hatua zilizoandikwa. Programu ya kompyuta ya kuchambua mechi izimwe kwanza. Pitia mechi yote mara moja bila kusimama, ujue nani kashinda na kwa njia gani. Kisha nenda moja kwa moja kwenye hatua iliyoamua mechi, na kutoka hapo urudi nyuma, ukiuliza kila mara: jambo hili liliwezekana kwa sababu gani? Ukianza na ufunguzi, yaani hatua za mwanzo, utachoka kabla hujafika penye uhondo, na ufunguzi wenyewe hutauelewa, maana hujui ulikuwa unaandaa nini.

Mechi ninayoanza nayo na kila mwanafunzi ni ya José Raúl Capablanca, Mkuba aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, dhidi ya Savielly Tartakower, kwenye mashindano ya New York mwaka 1924. Raundi moja kabla yake, Capablanca alikuwa amefungwa na Richard Réti, baada ya kukaa miaka minane bila kupoteza mechi. Fikiria mtu anakaa mezani akiwa na kidonda kibichi namna hiyo, halafu anacheza kwa utulivu huu utakaouona. (Cheo rasmi cha Grandimasta kilianza kutolewa na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, mwaka 1950. Tartakower alikuwemo kwenye kundi la kwanza. Capablanca alishafariki mwaka 1942, lakini hakuna anayebisha kuwa alikuwa gwiji.)

Panga ubao kama ulivyokuwa baada ya hatua ya 34. (Herufi a hadi h ni mistari ya wima, kutoka kushoto kwa Nyeupe; namba 1 hadi 8 ni safu, kuanzia upande wa Nyeupe.) Nyeupe: mfalme f3, ngome h7, askari a4, c3, d4, f4 na g5. Nyeusi: mfalme f8, ngome c6, askari a7, b6, c7, d5 na f5. Askari watano kwa watano, ngome moja kwa moja. Ngome nyeusi imeshamlenga askari wa c3. Mwachie mwanafunzi dakika kumi, umuulize Nyeupe acheze nini. Karibu wote akili inakwenda kwenye c3: namlindaje huyu?

Capablanca akasogeza mfalme g3. Hakumlinda c3, tena alisimama mahali ambapo Mweusi angemla askari huyo kwa cheki, yaani huku akimshambulia mfalme. Mweusi akala, cheki. Mfalme akaenda h4. Ngome nyeusi ikaja f3 kumlenga f4. Capablanca hakumlinda huyo pia. Akamsukuma askari wake wa g mpaka g6. Mweusi akala f4, cheki nyingine. Mfalme akaingia g5, akiigusa ngome, nayo ikakimbilia e4. Sasa Nyeupe ana askari watatu, Mweusi watano.

Simama hapo hatua ya 39 na utazame kwa makini. Mfalme mweupe yuko g5. Askari mweusi wa f5 yuko ubavuni pake, hana mlinzi, na ukimla unaigusa ngome ya e4 papo hapo. Kijana mmoja niliyekuwa naye, aliyekulia kijiweni kwenye drafti, alinyoosha mkono kabla sijamaliza kuuliza. "Kocha, hapa si anakula?" Nilimwelewa kabisa. Kwenye drafti kula ni lazima, na sisi tuliotoka huko tunabeba desturi hiyo vidoleni. Ila huku si lazima, na Capablanca hakula. Alimpita yule askari, akaingia f6.

Sasa usikubali jibu la "kwa sababu ni gwiji". Tafuta sababu ubaoni. Kwanza, mfalme akiwa f6, Nyeupe anatishia ngome h8, na hiyo ni chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia na mechi imekwisha: g7, f7 na e7 zote ziko chini ya mfalme mweupe, na safu ya nane yote iko chini ya ngome. Pili, yule askari wa f5 anafanya kazi ya adui yake bila kujua. Amesimama mgongoni kwa mfalme mweupe na kuziba mstari wa f, kwa hiyo ngome nyeusi haiwezi kuja f4 na kupiga cheki. Kama angeliwa, mlango ungekuwa wazi.

Na huna haja ya kuniamini mimi, mechi yenyewe inathibitisha. Mweusi alikwepa chekimeti kwa mfalme g8, ngome nyeupe ikapiga cheki g7, mfalme akaenda h8, ngome ikala c7 ikitishia kushuka c8. Mweusi akalazimika kuirudisha ngome yake e8, imekaa tu kama mlinzi. Hapo ndipo Capablanca alipomla askari wa f5, hatua ya 42. Ngome nyeusi ikatoka tena e4, mfalme akarudi f6, na mara ngome ikapiga cheki f4. Ile cheki ambayo hatua ya 39 haikuwezekana, sasa imewezekana. Lakini wakati huo imeshachelewa: mfalme akaenda e5, askari akafika g7 kwa cheki, a7 akaliwa, d5 akaliwa, na Nyeupe akabaki na watatu kwa mmoja. Tartakower alisalimu amri hatua ya 52.

Kwenye daftari, andika sentensi moja: mfalme mweupe alishinda kwa sababu mfalme mweusi alifungiwa safu ya nane na ngome ya h7. Sasa rudi nyuma. Ngome ilifikaje h7? Ilifika hatua ya 30, kupitia mstari wa h. Mstari wa h ulifunguliwaje? Askari mweupe alikwenda h4, h5, akabadilishana na askari wa g6. Kwa nini kulikuwa na askari g6 wa kubadilishana naye? Kwa sababu hatua ya 19 Capablanca alicheza askari e4, Mweusi akamla, malkia mweupe akala palepale e4, na nyuma yake kulikuwa na askofu wa d3. Wote wawili wakaitazama h7. Mweusi akaziba kwa g6. Hatua ya kujilinda, ya kawaida kabisa, mtu yeyote angeicheza. Lakini ndiyo iliyompa askari wa h kitu cha kugonga.

Mnyororo huo, kutoka e4 mpaka mfalme g3, ndio uchambuzi ninaoutaka. Sisemi Capablanca aliyaona yote hayo hatua ya 19. Nasema kila kiungo kilishikamana na kilichotangulia, na kazi yako ni kukipapasa kila kimoja mpaka uhakikishe hakijakatika.

Kiungo kimoja wengi wanakiruka: hatua ya 25. Mweusi amecheza d5, askari wamebadilishana, malkia mweupe ameshambuliwa. Capablanca akala ngome ya e8 kwa malkia, na kwenye e8 hiyo hiyo malkia wote wawili wakaondoka, pamoja na ngome moja ya kila upande. Usipite haraka hapo. Orodhesha kilichobaki: Nyeupe ana ngome na askofu, Mweusi ana ngome na farasi, askari sita kwa sita. Kwa hesabu ni sawa. Halafu tazama farasi yuko wapi: a5, ukingoni, mbali na upande wa mfalme ambako mambo yanakwenda kutokea. Uamuzi wa kubadilishana kete uangalie kwa zile zinazobaki.

Baada ya hapo, geuza ubao, ukae kiti cha aliyefungwa. Hili nalisisitiza sana, kwa sababu ukichambua upande wa mshindi tu utadhani mpinzani alikuwa mjinga, na Tartakower hakuwa mjinga. Alifungua kwa ufunguzi uitwao ulinzi wa Kiholanzi, askari f5, akitaka kuitawala e4. Hatua ya 9 farasi wake alikaa e4 kweli, na baada ya kubadilishana kete, askari wawili weupe wakapangana c3 na c4. Hao ni udhaifu. Farasi mwingine akatoka kwenda c6, kisha a5, kumkaba huyo wa c4. Mpango huo una akili, na hata leo ningemfundisha mwanafunzi auheshimu. Shida ni kwamba askari wa c4 aliondoka ubaoni hatua ya 24, Mweusi mwenyewe alipofungua katikati kwa d5, na farasi akabaki a5 bila windo. Ukishaona hivyo, ufunguzi unakuwa na maana: unajua kila upande uliondoka nyumbani na shabaha gani, na shabaha ya nani ilidumu.

Programu iwashwe sasa, mwisho kabisa. Stockfish, programu ya kuchambua sataranji, ni ya bure, na kwenye tovuti ya Lichess unaitumia bila kulipa. Lakini usiiache ikutembeze mechi nzima. Chagua sehemu zile tu ambazo wewe na daftari lako hamkukubaliana na mchezaji, uipe hatua yako uone inakujibu nini. Ikisema hatua yako ni mbaya, usifunge. Cheza dhidi yake kutoka hapo mpaka uone kwa macho yako inavyokuadhibu. Namba peke yake haikufundishi.

Ukimaliza hii, chukua ile ya raundi iliyotangulia, Réti akiwa na Nyeupe, ameanza kwa farasi f3. Iliisha hatua ya 31, Capablanca akasalimu amri kete nyingi zikiwa bado ubaoni, kwa hiyo mwisho wake uko katikati ya mapambano. Anzia hapo hapo, urudi nyuma.