Kupima ubongo wa wapiga ngoma wawili kwa pamoja

Dada wa Gulu, umeuliza kama kofia mbili za EEG (kofia zenye elektrodi, yaani vihisi vidogo vinavyosoma mawimbi ya umeme wa ubongo) zinatosha kuthibitisha kwamba bongo za wapiga ngoma wawili zinaenda sambamba wanapopiga pamoja. Kurekodi zinatosha. Kuthibitisha ni kazi nyingine.

Wote wanasikia mdundo uleule na kurusha mikono kwa wakati mmoja, kwa hiyo mawimbi yao yatafanana hata kila mmoja akikaa chumba chake. Nakusihi ulinganishe pia rekodi ya mtu wa jozi ya kwanza na ya mtu wa jozi ya tatu, waliopiga mdundo huohuo bila kukutana. Jozi halisi zisipozishinda kwa kufanana hizo za kubuni, bado hujapata kitu.

EEG husoma kwa milisekunde, basi mashine zote mbili zipokee alama moja ya saa. Misuli ya shingo na taya nayo huchafua rekodi vibaya. Mimi ningeanza na watu walioketi wametulia, ngoma baadaye.

Na nywele! Elektrodi lazima ziguse ngozi ya kichwa. Waambie washiriki mapema, kwa heshima, kabla hawajalipia kusuka.