f(g(−2)) ni 7, si 50

Ndugu, swali lilitoa kanuni mbili, f(x) = 2x − 3 na g(x) = x² + 1, likataka f(g(−2)). Umepata 50 kwa sababu umeanza na f. Kwenye f(g(−2)) tunaanza na ya ndani, yaani g, hata kama f ndiyo imetangulia kuandikwa. Kwa g(x) = x² + 1, weka −2 pamoja na mabano yake: (−2)² + 1 = 5. Hapo ndipo wengi huteleza. Ukiacha mabano, kikokotoo kinakupa −4 + 1. Sasa hiyo 5 ipeleke kwenye f(x) = 2x − 3: 2(5) − 3 = 7. Basi.

Hiyo 50 yako ni g(f(−2)), swali jingine kabisa. Ukipewa namba nyingi za kujaribu, tafuta kwanza f(g(x)) = 2x² − 1; kwa namba moja usijisumbue.