Boyeri iitwe boyeri

SWALI: Ninapanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya zamani, katikati ya Lubumbashi. Mwenye lupango (kiwanja chenye nyumba) ameandika kwenye mkataba "anekse". Majirani wanasema "boyeri". Mwanangu ameambiwa shuleni kwamba boyeri ni tusi. Kiswahili sahihi ni kipi? (Mama mpangaji, komini Lubumbashi)

JIBU: Mama, ukitaka neno la kuandika, andika "vyumba vya uani". Swali lako limekwisha hapo. Lakini hiyo "anekse" siwezi kuipita kimya, maana imejaa kwenye matangazo ya kupangisha na inadanganya mara mbili.

Kwanza, Annexe ni komini, yaani mojawapo ya sehemu za utawala za Lubumbashi, ile kubwa inayouzunguka mji wetu. Mtu akikuandikia "nyumba iko anekse", utapanda teksi hadi pembezoni kabisa, kumbe unasubiriwa nyuma ya duka, katikati ya mji. Pili, anekse ni kitu kilichoongezwa baadaye. Boyeri, yaani vyumba vya watumishi wa enzi ya ukoloni, haikuongezwa. Ilikusudiwa tangu mwanzo, ikawekwa mwisho wa lupango, mbali na dirisha la bwana. Simama uani kwako utazame: safu ya vyumba vidogo, paa la mabati lenye mteremko mmoja, kidirisha kilichobanwa juu ukutani, choo cha nje cha peke yake, na kijia kinachopita ubavuni mwa nyumba kubwa ili mtumishi asikatize mbele ya baraza. Nani anajenga nyongeza namna hiyo?

Asili yake ni fupi. Waingereza walimwita mtumishi "boy", Wabelgiji wakaongeza mkia wa Kifaransa "-erie", ule ule wa boulangerie (duka la mikate), pakawa mahali pa maboi. Na hao maboi walikuwa wanaume wazima, wengi wao wenye wake na watoto. Tusi lipo, mwalimu hakukosea. Anakosea akidhani tukibadilisha neno tumelifuta tusi. Tunachofuta ni ushahidi.

Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya enzi ya ukoloni, ilipangwa kwa kutenganisha watu: Wazungu huku, Waafrika kule, na katikati ukanda mtupu wa upana wa mita 700, zone neutre. Hadi leo watu husimulia kwamba usiku ukiingia kila Mwafrika alikuwa amekwisha kuvuka kurudi Albert, mtaa wa Waafrika, ambayo sasa ni Kamalondo. Si kila mmoja. Mpishi, dobi na mtunza bustani walilala humo humo mjini, ndani ya lupango za mabwana wao, hatua chache kutoka meza waliyoiandaa jioni. Mji wa Wazungu haukulaliwa na Wazungu peke yao. Wageni hupiga picha kanisa kuu la Petro na Paulo, na sinagogi iliyochorwa na Raymond Cloquet, nao wana haki. Ila anayetaka kujua mji huu uliishije kweli, apite kijia cha ubavuni hadi uani. Huko hakuna kibao wala mlinzi, na mwenye lupango akitaka kujenga ghorofa, vyumba hivyo havina wa kuvitetea. Sasa wanataka kuviondolea hata jina!

Kwa hiyo ukisema, sema boyeri bila haya. Ngeli yake: boyeri hii, boyeri hizi. "Maboyeri" ninaisikia kila siku kutoka komini ya Katuba hadi komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Imenichosha, lakini siipigi vita, maana Kiswahili chetu kimekwisha kuzoea kuyatanguliza maneno ya Kifaransa kwa ma-.

Kwenye mkataba, mwambie mwenye lupango afute "anekse" na aandike: "vyumba viwili vya uani (boyeri), njia ya kuingilia ni ubavuni mwa nyumba kubwa", kisha namba ya lupango na jina la avenyu. Kalamu ikiwa bado mkononi mwake, aandike pia nani atalipa maji na umeme, na kwa kiasi gani. Mita mara nyingi iko kwenye nyumba kubwa, vyumba vya uani huchukua kutoka humo, na fakitire (ankara) ikifika moja kwa nyumba mbili ndipo majirani wanaponuniana.