Angalia saa ya kompyuta kwanza

Pole sana ndugu. Kama kila asubuhi tovuti zinagoma na kudai muunganisho si salama, lakini simu kwenye waifai hiyohiyo inazifungua vizuri, usihangaike na bando wala kivinjari. Tazama tarehe, pembeni chini kulia. Ikisoma mwaka wa nyuma kabisa, tatizo ni hilo: cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani tuko 2015 inakiona hakijaanza kutumika.

Rekebisha tarehe, zitafunguka. Ikirudi nyuma tena ukizima umeme ukutani, betri ndogo inayotunza saa, iliyo kwenye bodi kuu ndani ya kompyuta, imekufa. Ni CR2032 ya volti 3, duara kama sarafu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10, fungua kasha la kompyuta, sukuma kibanio cha pembeni mwa betri, itachomoka. Mpya iingie upande wa + ukiangalia juu. Kwa laptop nyingi betri hiyo huwa na waya wake, kwa hiyo nenda na ile ya zamani dukani.

Tafadhali, usilazimishe kuingia tovuti ya benki onyo likiwa bado lipo.