Wimbo Ukishapigwa Picha, Usiuguse

Jumanne nimemkuta kijana wetu studio amefungua sesheni ya wimbo ambao waigizaji walishaufuatisha midomo mbele ya kamera wiki mbili zilizopita. Anapandisha tempo, yaani kasi ya wimbo. "Kaka, nataka uchangamke kidogo tu." Nilimtoa kwenye kiti kwa mkono, nikamwomba radhi, kisha nikaketi kuandika haya. Wadogo zangu, nawapenda, lakini kosa hili nimeliona mara ya nne sasa, na la kwanza lilikuwa langu.

1. Wimbo wa filamu na wimbo wa redio ni kazi mbili. Kila anayeingia hapa namsikilizisha nyimbo za Elvis Presley za filamu ya Jailhouse Rock. Zilianza kurekodiwa Radio Recorders, Hollywood, tarehe 30 Aprili 1957, na kamera zikawashwa Mei. Sauti kwanza, halafu pleibeki kwenye seti: wimbo unapigwa, mwigizaji anaufuatisha midomo. Sasa sikilizeni "Treat Me Nice". Ya kwenye filamu siyo ya kwenye santuri. Septemba walirudi studio wakairekodi upya kwa ajili ya santuri, na ile ya filamu wakaiacha ilivyo. Midomo ya Elvis kwenye picha ilikuwa imeshafuata sauti ile. Walipotaka nyingine, waliitengeneza kando.

2. Mimi hilo sikulijua. Miaka 11 iliyopita tulipata filamu ya vijana wenye bendi ya rock ya zama zile zile. Tukarekodi wimbo mmoja kwa mtindo wa wakati huo: bendi nzima chumba kimoja, bila kliki (mlio wa kushikilia mapigo), maana rock ile inapumua, inakimbia kwenye kiitikio na kutulia kwenye ubeti. Dakika 2 na sekunde 14. Mwongozaji akauchukua, wakapiga picha siku mbili, wachezaji 20, kreni ya kukodi.

Mimi nimebaki studio na drams za ubeti wa pili zinaniwasha. Jumapili nikaita bendi yote, mwimbaji naye, tukarudia. Ikatoka tamu kweli kweli. Dakika 2 na sekunde 11. Nikaihifadhi juu ya ile ya kwanza, kwa jina lile lile, kwa sababu diski ilikuwa imejaa na nilikuwa na uhakika.

Ijumaa saa nne usiku mhariri akanipigia. Hakufoka. Aliuliza tu, "Hii ndiyo waliyoimbia?" Nikamjibu ndiyo, ila nimeiboresha. Akanyamaza. Nikachukua bodaboda hadi kwake. Kwenye kioo yupo yule mwimbaji, jasho linamtiririka, ameutoa moyo wake wote, mdomo uko wazi kabisa, na neno lenyewe limeshapita. Tulijaribu kuuvuta wimbo mpaka alfajiri. Sekunde 3 si nyingi, lakini hazikugawanyika sawasawa: hapa sauti inatangulia, pale inachelewa. Wimbo usio na kliki ukiuvuta huku, unakatika kule.

Teki ya asili, yaani ile rekodi ya kwanza, ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye simu ya kijana aliyekuwa akipiga pleibeki kwenye seti. MP3 iliyobanwa hadi ikakonda. Ndiyo iliyoingia kwenye filamu. Siku ya uzinduzi gitaa lilitoka kama limefungiwa ndani ya debe, na besi haikuwepo kabisa. Pembeni yangu alikaa mama yake mpiga besi, amevaa kitenge kipya. Akaniinamia: "Mwanangu, mbona Juma wangu namwona lakini simsikii?" Nilimwambia, "Shikamoo mama," kana kwamba ndiyo kwanza namwona. Sikuwa na kingine cha kumwambia. Mpaka leo nikiona besi imezama kwenye miksi, namkumbuka yule mama.

3. Fremu. Uliza kama ni picha 24 au 25 kwa sekunde kabla hujafungua projekti, na sauti iwe 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde) tangu mwanzo. Studio za Hollywood za wakati ule zilihamishia sauti kwenye utepe wenye matundu pembeni kama mkanda wa picha, na mota zikaenda kwa mwendo mmoja, kwa hiyo sauti haikuweza kuteleza. Sisi matundu hatuna. Tuna namba hizi tu, na bado kuna mtu ananitumia 44.1!

4. Milio minne ya kuhesabia kabla ya wimbo, kwenye kila nakala ya pleibeki.

5. Jina la faili liwe na tarehe na namba ya teki. Diski ikijaa, njoo uniambie, nitanunua nyingine.

6. Mpiga chombo akikwama, kazi isikwame naye. Bill Black, mpiga besi wa Elvis, alizoea besi kubwa ya kusimama. Kwenye "Baby I Don't Care" alishika besi ya umeme, utangulizi ukamtesa, na inasimuliwa aliibwaga chini akatoka. Elvis akaiokota akaipiga mwenyewe. Hakuna aliyepoteza siku kwa lawama, na kwenye filamu Bill Black yumo. Nanyi mkiona mwenzenu jasho linamtoka, mpeni maji, na anayeweza ashike chombo.

Na wewe kijana wa Jumanne: sesheni nimeirudisha ilivyokuwa. Ile yako ya haraka nimeihifadhi kwa jina jingine. Nimeisikiliza mara tatu. Ni nzuri, tutaipeleka redioni.