Maswali na majibu: Upasuaji wa mgongo na kurudi kazini

Daktari, picha ya MRI imeonyesha diski (kile kijimto laini kati ya mifupa ya mgongo) imetoka na inabana mshipa wa fahamu. Maumivu yanashuka hadi unyayoni, hii ni wiki ya tatu. Nimeambiwa nijiandae kwa upasuaji. Nikubali?

Pole sana. Kama mguu bado una nguvu, kwa maoni yangu ni mapema. Wengi wenye tatizo lako hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa, kutembeatembea na mazoezi ya viungo, na mara nyingi kipande kilichochomoza husinyaa chenyewe. Picha peke yake isikutishe: watu wengi wasioumwa popote nao wana diski zilizochomoza. Muulize daktari wa upasuaji: je, maumivu yangu yanalingana na kinachoonekana kwenye picha? Na nikisubiri, nitapoteza nini?

Kuna hali moja isiyosubiri hata kesho. Ukishindwa kukojoa, haja ikikutoka bila kujua, au ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka makalio, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ukichelewa, madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Mguu unaozidi kuishiwa nguvu nao uonwe haraka.

Mimi mguu hauna shida, ni kiuno tu. Upasuaji utanifaa?

Mara nyingi hapana. Kuondoa kipande cha diski kunaufungua mshipa uliobanwa, kwa hiyo anayefaidika zaidi ni mwenye maumivu ya mguu. Anza na mazoezi, na uyape miezi.

Nimetolewa kipande cha diski. Kazi yangu ni kupakia mizigo, na bosi ananitaka wiki ijayo.

Usikubali kubeba. Wa kazi ya mezani hurudi baada ya wiki 2 hadi 4 hivi. Wa kazi nzito kama yako, wiki 6 hadi 12. Waliounganishwa pingili, yaani mifupa ya mgongo iliyofungwa pamoja ili iunge iwe mmoja, huhitaji miezi 3 hadi 6, pengine zaidi. Omba barua ya daktari, na isiandikwe "kazi nyepesi" tu, maana kila msimamizi ataitafsiri anavyopenda. Itaje kilo unazoruhusiwa kuinua, kiasi unachoruhusiwa kuinama na kujipinda, na tarehe ya kupimwa tena. Wakati huo usilale tu, tembea kila siku. Ukiamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono.

Nitaunganishwa pingili. Sigara ina shida?

Kubwa. Nikotini huzuia mfupa kuunga. Acha wiki kadhaa kabla, na usiirudie.

Nimerudi ofisini, lakini ikifika alasiri mguu unachoma. Diski imetoka tena?

Si lazima. Mshipa uliobanwa muda mrefu hupona taratibu, na kukaa sana huuchokoza. Simama kila nusu saa, utembee kidogo. Ila maumivu yakirudi kwa ukali ule wa mwanzo, au ukianza kuburuta kidole gumba ukitembea, usingoje miadi yako. Mwone daktari aliyekupasua.