Muulize Bwana Mifugo: Nishushe majani Tanga mjini au niyauze hapahapa Soni?

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mi niko Soni huku Lushoto, nina kama eka moja na robo ya mteremko, kingo zote za matuta nimepanda majani ya ng'ombe, gwatemala na mabingobingo, na ng'ombe wangu wa maziwa ni mmoja tu, hayamalizi. Majirani wananunua mzigo wa kichwa wa kilo 25 kwa shilingi 2,000, wanajikatia wenyewe. Sasa kaja dalali anasema Tanga mjini wanaofugia ng'ombe bandani wanatoa 4,000 kwa mzigo huohuo, nikodi Canter nishushe tani 3, nauli laki mbili na nusu. Mume wangu kashawishika mpaka anataka kung'oa karoti za bondeni tupande majani matupu. Tufanye?
Mama Matuta, Soni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mzee karoti asiziguse kwanza, akae tupige hesabu.

Tani 3 ni mizigo 120. Mjini kwa 4,000 unapata 480,000, toa nauli 250,000 unabaki na 230,000. Majirani mizigo hiyohiyo wangekupa 240,000 hapohapo shambani, na hapo bado sijagusa hela ya vijana wa kukata, kupakia na kushusha, wala ya dalali, na dalali hafanyi kazi ya bure hata siku moja.

Kinachokula hela yako ni maji. Chukua kilo moja ya mabingobingo mabichi, yakatekate, anika juu ya mkeka jua kali mpaka kikonyo ukikikunja kinavunjika kah!, halafu kapime tena kwenye mzani wa duka. Utakuta kama gramu 200 tu, pengine zaidi kidogo. Yaani Canter lako la tani 3 limebeba chakula cha ng'ombe kilo 600 hivi na maji kilo 2,400, maji umeyalipia nauli toka mlimani mpaka mji wa baharini, na huko hawakosi maji. Wanakosa majani.

Halafu kuna hili dalali hakukwambia: majani yakiondoka yanaondoka na rutuba. Kila tani ya majani makavu inabeba nitrojeni, chakula cha mimea, kama kilo 15, mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 una kilo 23, kwa hiyo kila tani kavu ni zaidi ya nusu mfuko umempa mtu wa mjini bure, na samadi inabaki zizini kwake. Wakila majirani angalau unaweza kudai ndoo chache za samadi juu ya bei, na mi ningekuwa wewe ningedai.

Cha kufanya: baada ya masika majani yanakuwa mengi kila mtu anayo, bei inalala. Kukausha mwezi wa sita huko kwenu na ule ukungu utaishia kupata uvundo, kwa hiyo tengeneza saileji, yaani majani mabichi yanayohifadhiwa kwa kushindiliwa bila hewa. Yakate yakiwa kama mita moja urefu, acha yanyauke siku moja, yakatekate vipande vya vidole viwili, nyunyizia molasesi, shindilia kwenye mfuko mzito wa nailoni mpaka hewa iishe (mruhusu mtoto arukeruke juu, anaweza kuliko wewe), funga, usifungue kabla ya wiki tatu nne. Uza Januari na Februari majani yakiwa yameadimika na watu wanahangaika na mabua. Ukiongeza ng'ombe wa pili ni bora zaidi, maana kilo ya majani yako ni shilingi 80 tu, lita ya maziwa unajua mwenyewe inauzwaje.

Karoti ziacheni bondeni kwenye maji. Majani yabaki kingoni, ndo yanayoshika udongo wenu usiteremke Mombo. Na dalali akirudi, muulize kama analipa kwa uzito wa majani makavu.